Kimya Kilichokuwa na Mwenyewe

Nairobi, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mzazi,

Hujambo, mama? Konsolata, hapo nyamaza kidogo, mwache mama ajibu. Amejibu? Haya. Mimi mwanao Diyodone sijambo, kikohozi cha baridi ya Nairobi kimeniacha, nakula, nalala, na ile sweta uliyonifumia bado nagombana nayo shingoni. Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda kwenda kanisani? Nyamaza tena, Konsolata. Najua mnacheka, lakini leo barua hii itasomwa hivyo: kila swali liachiwe nafasi ya jibu lake. Sababu mtaiona mbele.

Na kabla hujaendelea, dada yangu, aliyekukabidhi bahasha hii barabarani usimtaje kwanza. Mpelekee kigoda, akae kivulini pale nje ya ua, umpe na maji ya kunywa, halafu rudi usome. Mama, usimuulize ni nani. Ni mjumbe wangu, basi.

Utasema, kwa nini barua na simu ipo? Mama, simu wewe unaikata! Nikitaja Giheta, kwa kina baba, naambiwa "mtandao unasumbua, mwanangu," kumbe mtandao wenyewe ni kidole chako. Barua haina pa kubonyeza. Na nimeiandika kwa Kiswahili kwa ajili ya msomaji wetu, maana alianzia shule upande wa Tanzania na Kirundi chake cha kusoma bado kinachechemea. Usinune, Konsolata, hata mimi nachechemea.

Sasa kaa vizuri, maana nina habari ambayo imenifanya nishindwe hata kula ugali wangu jana. Mama, sauti yako inasikika kutoka Johannesburg mpaka Lagos! Ndiyo, yako wewe, mama Diyo wa Muyinga. Usishtuke, hukufanya kosa lolote. Kosa ni langu, na tangu nizaliwe sijawahi kufanya kosa likanipa furaha kama hili.

Nianze mwanzo, usije ukasema nakuchanganya. Unajua kwamba nafanya kazi kwenye chaneli ya muziki, ingawa mjomba ananiambia wewe huwaambia watu wa kanisani kwamba mwanao "anatengeneza televisheni." Sitengenezi televisheni, mama! Televisheni ikiharibika mimi nitakimbia kama wewe tu. Kazi yangu ni kupanga: wimbo huu ufuatwe na upi, katikati yake pakae nini, ili mtu aliyekaa kwake asinyanyuke kwenda kutafuta kitu kingine.

Chaneli yenyewe ilizaliwa kusini kabisa, Johannesburg, katika chumba kimoja juu ya duka la viatu. Wazee wa kazi wanasimulia kwamba siku za mwanzo kutwa nzima walirusha nyimbo za Ulaya na Amerika, na za Afrika walizitupia alfajiri, watu wakiwa wanakoroma. Wakaja kufungua Nairobi wakidhani watafanya vilevile. Weee! Vijana wa hapa wakapiga simu kuuliza, nyimbo zetu mmezifungia stoo? Bosi wetu wa sasa, mama Atieno, siku hizo alikuwa dada wa mapokezi tu, anapokea simu. Anasema ilifika mahali akaacha kusema "haloo," akawa anainua mkonga na kusema "tumesikia, tumesikia." Ndipo nyimbo zetu zikatolewa alfajiri zikaletwa mchana kweupe, na tangu siku hiyo chaneli ikaota miguu.

Ikatembea basi. Lakini kila nchi iliyoingia, iliingia kwa kosa. Walipofika Kinshasa walikuwa na sheria yao, wimbo usizidi dakika nne. Sasa Mkongo unamjua. Dakika nne za mwanzo mwimbaji bado analilia mapenzi na kuwataja rafiki zake kwa majina, gitaa hata halijapata moto. Wakawa wanakata wimbo kabla ya sebene, palepale watu wanaposogeza viti wacheze! Fundi wetu wa sauti, Dido, mtu wa Bukavu, ana mjomba wake aliyekuwa akiishi huko. Mjomba kasimama, mabega yameshaanza kazi, mara wimbo puu, umekatwa. Akabaki katikati ya nyumba mikono juu, akaitukana televisheni mpaka majirani wakaja kuamua ugomvi.

Addis Ababa ndiyo usiseme. Wakafungua kwa kishindo katikati ya mfungo mkubwa wa watu wale, wameacha nyama na wameacha kucheza, wako kanisani. Chaneli ikajitazama yenyewe kama mtu mbele ya kioo. Lagos kosa lao lilikuwa moja tu, waliomba waletewe nyimbo mpya, na nyimbo zikaja nyingi kiasi kwamba mlango wa ofisi haukufungika tena. Mpaka leo kuna mtu kazi yake ni Lagos tu, na hana likizo, maskini.

Mama Atieno ana neno lake, kwamba hakuna nchi inayokukaribisha kabla hujajikwaa kizingitini. Kwa hiyo zamu ya Burundi ilipofika, zamu yetu, mama, baada ya miaka yote hii ya watu kuniuliza "Burundi ndiyo wapi vile?", akanitazama mbele ya mkutano mzima. "Diyo, kosa la Burundi litakuwa lipi?" Nami nikavimba kichwa. Nikajibu, "Burundi hakuna kosa. Mimi si nipo?" Ungekuwa karibu ungenifinya.

Chaneli ina desturi moja nzuri. Nchi mpya haiingizwi kwa hotuba, inaingizwa kwa salamu. Inatafutwa salamu ya pale ya kuimbwa, inawekwa kati ya wimbo na wimbo, na inarushwa nchi zote wiki kadhaa kabla ya ufunguzi, ili hata aliyeko Accra ajue jirani mpya anahamia. Kwa Burundi wote walitegemea ngoma, na mama Atieno alishaamua: ngoma za Gitega. Nikamwambia ngoma zitakuja, tena kwa heshima zake zote, lakini ngoma si salamu. Ngoma ikilia watu wanasogea pembeni, ila salamu inakuita uje karibu. Nikasema salamu ninayo hapa, ndani ya simu yangu.

Unaikumbuka likizo yangu ya mwisho? Ulikuwa umekaa nyuma ya nyumba unamenya mihogo, unaimba akazehe, ile salamu ya wanawake wa kwetu. Sauti inapanda, inazunguka, inashuka, halafu unanyamaza. Halafu unaimba tena, unanyamaza tena. Nilikuwa nimeegemea ukuta nikairekodi bila wewe kujua, na hata mihogo inasikika ikidondoka kwenye beseni. Nilikuwa nimeitunza kwa ajili yangu, kwa zile siku ambazo Nairobi inakuwa kubwa mno, nimerudi chumbani bomba halina maji, mvua imeingia chini ya mlango, na jirani yangu hajui hata jina langu. Siku kama hizo nakusikiliza ukimenya mihogo, nami napata usingizi.

Mama, mimi nilijua salamu ndivyo ilivyo! Tangu tuhamie Muyinga sijakusikia ukiiimba vingine: unaimba, unanyamaza, unaimba. Nilidhani kile kimya ni pumzi. Mtoto wa kiume, tena aliyekua anakimbiza mpira wa matambara upande wa pili wa mpaka, mambo ya wanawake angeyajulia wapi? Mlipokuwa mkisalimiana kule Tanzania mimi nilikuwa nawapita mbio.

Dido alipoisikiliza akatoa vile vitu vyake masikioni. "Bibi iko naimba muzuri," akasema, "lakini hii kimya iko ya nini? Ku televizyo kimya ni kifo. Watu watasema umeme imekatika. Tuikate." Nikakataa. Hoja sikuwa nayo, nilimwambia tu, "Ukikata hapo, huyu si mama yangu tena." Dido akanitazama kidogo, akasema, "Aya, ni mama yako," akaiacha nzima. Namshukuru Mungu mpaka leo kwa ubishi wangu ule.

Ikaenda hewani. Kwenye kioo wameweka vilima vyetu na migomba na ukungu wa asubuhi, na juu yake sauti yako. Mama, watu wamekupenda! Kuna mwanamke wa Accra ametuandikia kwamba mtoto wake halali mpaka amsikie yule bibi. Kampala kuna kijana ameizungushia kinanda na sasa inapigwa kwenye harusi. Mimi natembea ofisini kifua mbele, kila anayenisikia namwambia, "Huyo ni mama yangu, tena hapo alikuwa anamenya mihogo tu, hajakusudia." Nikajua nimeshinda, Burundi imeingia bila kujikwaa.

Sasa twende Gitega.

Pale Gitega, upande wanakokaa Waislamu, kuna fundi cherehani anaitwa Hawa. Kibandani kwake ameweka televisheni ili wateja wasichoke kungoja, na dishi lake likawa la kwanza kutupata. Siku moja ya soko akaja mteja wake, mama muuza parachichi, aliyeleta blauzi ipunguzwe mabega. Mteja huyo hutoka Giheta na basi dogo. Unamjua, mama. Konsolata, usiinue macho, endelea kusoma. Ni shangazi Spesiyoza, dada yake baba.

Usisimame, mama. Nakuomba kwa jina la baba, kaa, nisikilize mpaka mwisho.

Hawa alikuwa akichezea simu yake, akanasa yote, akatutumia kwenye namba ile inayopita chini ya kioo. Sisi hutumiwa vitu vingi, watu wanacheza, watoto wanaanguka, harusi. Dido akaifungua huku anakula chapati. Nikasikia sauti yako, nikageuka, na nikamwona shangazi. Nilimtambua palepale, mama. Ana paji la uso la baba.

Amekaa kwenye stuli, blauzi iko mapajani. Unaanza kuimba, anainua kichwa. Unanyamaza. Anatazama huku na huku, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake sokoni. Unaimba tena, unanyamaza, na sasa anaitazama televisheni kabisa, mkono uko mdomoni. Mara ya tatu, mama, akasimama, blauzi ikaanguka chini, na uliponyamaza yeye akapokea! Akaingia palepale kwenye kimya chako. Wewe ukitoka yeye anaingia, yeye akitoka wewe unaingia, hakuna hata upenyo wa kupitisha sindano. Kimya chote kikajaa. Kumbe nusu ile niliyokuwa nalala nayo siku zote ina mwenzake, na nilikuwa sijawahi kusikia salamu yako nzima, mimi mtu mzima mwenye ndevu!

Salamu ikaisha, wakaingia vijana wanaoruka na miwani ya jua, na yeye bado amesimama mbele ya televisheni amenyoosha mikono yote miwili. Hawa anasikika nyuma anacheka: "Eh, mama Spes, uko nasalimia televizyo?" Shangazi hakugeuka hata kugeuka. Akasema, "Si televizyo. Ni muke ya kaka yangu."

Dido aliiacha chapati. Akapiga kelele mpaka wa chumba cha pili wakaja: "Eeeh! Kumbe ile kimya ilikuwa na mwenyewe!" Tukairudia, na tukairudia tena, mama Atieno naye akaja akasimama nyuma yetu. Alipoelewa akaanza kucheka taratibu, akanigonga begani. "Diyo wa hakuna-kosa," akasema, "umerusha nusu ya salamu Afrika nzima, na hakuna mtu aliyejua isipokuwa Warundi." Nilicheka nikalia hapohapo mbele ya watu wote, sikuona haya. Warundi kote wamekaa wanamsikia mwanamke anasalimia, anasalimia, haitikiwi, na mimi mwanawe ndiye niliyempeleka akasimame mlangoni hivyo!

Nikamtafuta shangazi kwa simu ya Hawa. Alipokea akiwa mkali. "Diyo? We ndio Diyo wa Antoni? Mama yako iko ananisalimia asubui, ananisalimia mchana, mbele ya watu ya Gitega yote. Mi niko mnyama? Nitanyamaza mpaka lini?" Mama, alidhani ni wewe uliyenituma. Alidhani umetafuta televisheni ya Afrika nzima ili umwite yeye. Ilibidi nimwambie kweli, kwamba hukujua lolote, ulikuwa unamenya mihogo. Nikadhani atakata simu, maana kwenye ukoo wetu simu hukatwa. Halafu akasema polepole, "Kama hakukutuma, ile nafasi aliacha ni ya nani? Mutu haachie nafasi mutu asiyemungoja."

Jibu la hilo si langu. Wewe unalo, mama? Konsolata, nyamaza hapo, nyamaza sana.

Nami nilikuwepo Kobero, mpakani, siku ile tuliporudi kutoka Tanzania, ijapokuwa mnadhani nilikuwa mdogo. Nilikuwa juu ya lori nimekaa kwenye gunia la vyombo, Konsolata yuko kando yangu, malori yamesimama yanangoja forodha, wabeba mizigo wanapiga kelele. Ukamwona shangazi kule mbele na kitenge chake cha bluu. Ukashuka hata lori halijasimama vizuri, ukanyoosha mikono ukaanza akazehe, kwa sauti ambayo sikuisikia tena kwako. Na yeye akakutazama, akapitisha macho juu ya bega lako, hakuitikia. Akaweka kibuyu chake chini akaondoka. Ulisema jioni ile, "Ameniacha mdomo wazi mbele ya watu. Amenihesabia kifo cha kaka yake." Badala ya kwenda Giheta kwenye kilima cha baba tukabaki Muyinga kwenu, na jina la Giheta likafungwa.

Sasa sikia upande wake, nimeuandika kama alivyousema mwenyewe. "Mi sikujua kama Antoni amekufa. Yule mutu munasema mulituma na habari ya kifo, hakufika kwangu. Nilikuja na kibuyu ya urwarwa, pombe yetu ya ndizi, na mirija mbili, moja yake, moja yangu. Nikaona mama yako nashuka naimba. Nikatafuta kaka yangu ndani ya lori. Nikaona watoto, nikaona masufuria, nikaona kuku. Yeye hapana. Ndio nikajua. Sasa sauti ya kujibu ningeitoa wapi? Na nikasema, uyu mwanamuke anawezaje kuimba?"

Mama, hakujua! Miaka yote hii sisi tunasema alikuwa na habari akakususa kwa makusudi, kumbe yule mjumbe hakufika. Shangazi alikuwa anafiwa palepale, miguuni pa lori, na wewe unamwimbia. Yeye naye akaenda zake akiamini umerudi unacheka bila kaka yake. Atajuaje kwamba ulikuwa umeshamlilia baba kule Tanzania mpaka machozi yakakauka, na furaha uliyobaki nayo ilikuwa moja tu, ya kumwona mtu wa damu yake? Mimi nimemwambia. Nilimwambia jinsi ulivyokuwa ukilala na koti la baba. Alilia kwenye simu mpaka Hawa akamnyang'anya, akaniambia nipige baadaye. Hakuna mwenye kosa hapa, mama, labda yule mjumbe, na yeye naye tumsamehe, nani ajuaye njia ilimfanya nini.

Basi, mambo ndiyo hayo, na sasa ninakuomba. Ufunguzi utafanyika Gitega mafundi wakimaliza kuweka mitambo. Mama Atieno anawataka ninyi wawili msimame pale, muimbe salamu nzima, ndipo ngoma zifuate. Ofisi nzima wanaota siku hiyo, na mimi ndiye wa kwanza, sikudanganyi, usingizi sipati! Nilishaona mpaka vitenge vyenu. Lakini nimemwambia wazi kwamba mama yangu haimbi kwa kuagizwa, na shangazi yangu haitikii kwa kuagizwa. Kama moyo wako haujalainika, niambie tu "hapana," na siku hiyohiyo nitaitoa ile nusu hewani, Accra waimbie watoto wao kitu kingine. Siwezi kukuacha uendelee kusalimia Afrika nzima bila kuitikiwa na wa kukuitikia yupo. Kama umelainika, televisheni baadaye. Kwanza kuna pengine pa kuimba.

Sasa salamu zangu. Nisalimie mjomba Melkiyori, mpiga kengele wa kanisa, mwambie kengele zake nazikumbuka ila si zile za alfajiri. Nisalimie mama Sesiliya jirani mwenye kinu, mwambie sauti ya kinu chake nayo iko Johannesburg, inasikika kwa mbali nyuma yako, asije akadai naye apelekwe Gitega. Nisalimie katekista, umwambie nakwenda misa. Msalimie na yule mwalimu wa Konsolata, kwa heshima, wala sisemi zaidi, dada yangu anajua ninachosema. Dido anakusalimu, anakuita "bibi ya kimya," na ndiye atakayeibeba barua hii kesho mpaka kwa Hawa, maana anakuja Gitega na mafundi. Na lile swali lako la kila siku, kwamba nitaoa lini, niachie kimya kidogo, mama. Nitakijaza mwenyewe.

Wanasema waraka ni nusu ya kuonana. Nusu ya pili nimekuletea leo, imekuja kwa basi, kupitia Karuzi.

Nilikuwa nimepanga Hawa aipe barua kondakta wa basi la Muyinga. Shangazi akakataa katakata. "Basi haina mudomo," akasema. "Nitaipeleka mi mwenyewe." Ndiye aliyempa Konsolata bahasha, ndiye aliyekaa pale nje ya ua kwenye kigoda chako, na kila neno lililosomwa kwa sauti amelisikia, maana Konsolata hajui kusoma kwa kunong'ona. Amekuja na kibuyu. Kina mirija miwili, na safari hii mmoja ni wako. Hatabisha hodi, mama. Anasema zamu ya kuanza si yake. Uliianza wewe Kobero, uianze wewe tena, kwa kuwa yeye ni wa kupokea, na jibu lako analo tangu siku ile.

Toka nje, mama. Konsolata, nyamaza sasa.

Mwanao anayekusikiliza kutoka mbali,
Diyodone